Hewa Yenye Mhuri

Ipo nchi moja, msiniulize ipo upande gani wa ramani, maana ramani yao wenyewe waliipeleka kufanyiwa marekebisho na mpaka leo haijarudi. Nchi hiyo ina mambo mazuri tele, lakini hakuna linalowapa wenyewe maringo kama Sheria ya Hewa ya Makazi. Ni sheria fupi, tamu. Inasema ni marufuku mtu kukalisha watu kwenye nyumba mpya mpaka hewa ya kiwanja chake ipimwe, ionekane haidhuru, igongwe mhuri. Wafadhili walipoisoma walitokwa na machozi. Wakaizawadia nchi mashine ya kupimia hewa, moja, mpya kabisa, yenye taa ya kijani na taa nyekundu.

Mashine ilipofika Wizara ya Hewa iliandikwa kwenye daftari la vifaa, katikati ya kabati na meza. Sasa kanuni za nchi ile zinakataza kifaa cha ofisi kutoka ofisini. Kilichoandikwa ghorofa ya tatu kinafia ghorofa ya tatu. Wataalamu wakakaa kikao siku nne, wakamaliza biskuti zote, wakatoka na ufumbuzi: kama mashine haiwezi kwenda kwenye hewa, basi hewa ije kwenye mashine.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo ni Shaweji Kondo, Mpima Hewa Mkuu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mpima hewa msaidizi na mfagizi wa chumba cha vipimo. Mtu wa pasi kali na tai moja. Kila asubuhi wajenzi walipanga foleni mlangoni kwake na madumu ya njano ya lita ishirini, yale ya mafuta ya kupikia, yameoshwa na kuzibwa kwa lakiri. Ndani ya dumu, hewa ya kiwanja. Shaweji alifungua, akatumbukiza mrija, akahesabu mpaka sitini, akatazama taa. Ikiwaka kijani, anagonga mhuri. Ikiwaka nyekundu, mjenzi anakwenda zake na kurudi baada ya chakula cha mchana na dumu la kuwasha kijani.

"Lakini anayekwenda kuikinga hiyo hewa ni nani?" mfadhili mmoja aliwahi kuuliza.

"Mwenye kiwanja," akajibu Mkurugenzi Mputa, bosi wa Shaweji, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. "Au ulitaka tuingie kwenye kiwanja cha mtu tumchukulie hewa yake? Huo si wizi wa mchana kweupe?"

Mfadhili aliona haya, akaomba radhi.

*

Mwaka huo tajiri Sapanjo alijenga nyumba mia mbili. Huyu Sapanjo ndiye mwenye kiwanda cha saruji, na tanuri la kiwanda chake halikuwa na habari ya kuni wala gesi. Lilikula matairi mabovu, mchana kutwa, na dohani lake likatapika moshi mweusi mzito ambao hata kunguru waliuzunguka kwa mbali. Kandokando ya dohani hilo palibaki ardhi ya bure. Ndipo alipojenga. Akapaita Mtaa wa Pumzi Njema.

Nyumba zilikwisha ezekwa, zikapakwa rangi, zikatiwa na mapazia, ndipo zikaletwa hewa zake kupimwa, kama ilivyo desturi. Yaliletwa madumu kumi na mawili. Shaweji alipofungua la kwanza alishtuka. Harufu ilikuwa ya mikaratusi, ya majani yenye umande, na kwa mbali kidogo ya samadi ya mbuzi. Bwana we! Alifumba macho akaivuta tena, kwa madhumuni ya kiofisi. Mashine nayo iliwaka kijani ambacho hakijapata kuonekana mle chumbani.

Dumu namba saba halikuwa na kifuniko. Lilizibwa kwa gunzi la mahindi lililozongwa kitambaa cha kanga, maua ya zambarau. Shaweji, kwa kuwa alikuwa mtu makini, aliandika kwenye daftari: "Namba saba. Kizibo: gunzi." Kisha akagonga mhuri mara kumi na mbili. Daraja la kwanza! Katika madaraja sita ya hewa, lilikuwa halijapata kutolewa kwa mtu yeyote. Magazeti yakaandika.

Sapanjo alimshukuru kwa kumpa nyumba namba arobaini na moja apange kwa bei ya ndugu. Haikuwa rushwa. Rushwa hutolewa kabla, na hii ilitolewa baada.

*

Mkewe, Namsifu, alilia kwa furaha. Miaka tisa walikuwa wakiishi chumba kimoja, choo cha kugombea. Siku ya pili tu akampigia simu mama yake huko mlimani Kwamkole: "Mama, njoo ukae na sisi. Hewa ya hapa ni daraja la kwanza. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeigongea mhuri."

Bi Nakijwa alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mbili, mwembamba, mkali, na kifua chake tangu ujanani kilikuwa cha kubembeleza. Aliuza mbuzi wake watano, akamwachia mpwa wake nyumba, akashuka na kapu moja. Alipofika mlangoni akasimama, akainua uso kulitazama dohani, ambalo lilikuwa hatua arobaini tu nyuma ya jiko.

"Shikamoo, mama," akasema Shaweji, ameinama kama inavyompasa mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Huo moshi ni wa nini?"

"Ni wa kiwandani, mama. Lakini hewa imepimwa."

"Imepimwa," akasema Bi Nakijwa. Kisha akaanza kukohoa.

Hakuacha. Shuka nyeupe zilianuliwa za kijivu. Chai iliota utando mweusi kabla haijapoa. Majirani wote walikohoa, ila wao vijana, wakakohoa huku wakienda kazini. Bi Nakijwa alikohoa akiwa amekaa, kwa kuwa akilala hapumui. Kufikia wiki ya tatu sauti ya kifua chake ilisikika mpaka uani, na midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu. Wakampeleka kwa daktari.

"Huyu mama anahitaji hewa safi," daktari akasema. "Tena upesi. Mkienda hivi hamalizi mwezi. Anaishi wapi?"

"Pumzi Njema," akajibu Namsifu.

"Aa!" Uso wa daktari ukachangamka. "Basi anayo."

*

Jumapili mchana Shaweji alikaa karibu na kitanda akimpepea mkwewe. Ndiye aliyemleta hapa, yeye na mhuri wake, na lilimkaa rohoni hata chakula kikamkinai. Bi Nakijwa, ili kumwondolea huzuni, akamwanzia kisa.

"Watu wa mjini mna vituko," akasema, akivuta pumzi kila maneno matatu. "Mwezi wa pili lilikuja lori kwetu. Limejaa madumu ya njano, matupu. Dereva anasema kila atakayejaza hewa dumu moja atapewa kilo ya sukari. Tukamwonea huruma, tukadhani jua limempiga. Lakini sukari ilikuwa ya kweli! Mimi peke yangu nilijaza madumu manne. Unakimbia nalo huku limefungua mdomo, kisha unaziba."

Shaweji akaacha kupepea.

"Moja lilipoteza kifuniko," akaendelea mama mkwe. "Nikaziba na gunzi, nikakata na pindo la kanga yangu. Ile ya maua ya..."

"Ya zambarau," akasema Shaweji.

Bi Nakijwa akamtazama. Huyo mama hakuwa mjinga.

"Mkwe wangu," akasema polepole, "ina maana nimekuja mjini kufuata hewa yangu mwenyewe?"

*

Jumatatu, kabla ya saa mbili, Shaweji alikuwa mbele ya meza ya Mkurugenzi Mputa.

"Mzee, hewa tuliyopima si ya Pumzi Njema. Ni ya mlimani Kwamkole. Mama mkwe wangu ndiye aliyeikinga. Watu wanaumia, mzee. Naomba tupime upya."

Mputa alifungua faili, akalisoma, akalifunga, akalipapasa kama paka.

"Shaweji, hebu tusaidiane. Kuna hewa mbili hapa. Iko hewa ya ndani ya faili, na iko hewa inayozurura mtaani. Yenye mhuri ni ipi?"

"Ya kwenye faili, mzee."

"Basi hewa halali ya Pumzi Njema ni hiyo. Hiyo nyingine ni mvamizi. Watu wanaivuta bila kibali chetu, halafu wanalalamika kwetu! Ili tupime upya inabidi mwenye kiwanja alete dumu. Umemwomba Sapanjo?"

"Basi niruhusiwe kumhamisha mama yetu. Anakufa."

"Mkazi wa daraja la kwanza hahami bila kibali," Mputa akasema kwa huruma ya kweli. "Na kibali anapewa aliyethibitika kuwa hewa yake ni mbaya. Hewa yake si mbaya. Ninaona mhuri hapa, na sahihi. Sahihi ya nani hii?"

Ilikuwa yake Shaweji. Kesho yake wizara ilibandika tangazo kwenye kila nguzo ya Pumzi Njema: WAKAZI MNAKUMBUSHWA KUVUTA HEWA ILIYOIDHINISHWA TU. Likapakwa masizi kabla ya adhuhuri, halikusomeka tena.

*

Ikawadia siku ya Waziri. Mheshimiwa Kilumbi, Waziri wa Hewa, alikuwa amejijengea kasri juu ya Kilima cha Upepo, mahali pazuri kuliko pote katika mji ule, na kwa kuwa alipenda kuwa mfano, aliagiza hewa ya kasri lake ipimwe hadharani. Wanahabari waliitwa. Soda zilipangwa. Dereva wake alileta dumu la kutoka kilimani, akaliweka chumba cha vipimo, akaenda kutafuta maandazi.

Shaweji alibaki peke yake na madumu mawili. Moja la waziri. La pili alilileta mwenyewe kutoka nyumbani. Alikuwa amelijaza asubuhi ile nyuma ya jiko, wakati wanalisha tanuri, akiwa na wazo la kuomba tena lipimwe. Akalitazama hili, akalitazama lile. Yote ya njano. Yote lita ishirini. Hakutaka makuu, jamani. Alitaka waziri avute kwa dakika moja tu kile anachovuta Bi Nakijwa kutwa. Akabandua karatasi ya jina la waziri kwenye dumu lake akaibandika kwenye lile la nyumbani.

"Ndugu wananchi!" Waziri alianza, na kiyoyozi kikapunguzwa kwa heshima. "Mashine hii haina shangazi! Haina mjomba! Haiombi lifti, haiombi likizo! Ikisema jambo limekwisha kusemwa, na atakayebishana nayo amebishana na mimi, na atakayebishana na mimi amebishana na maendeleo! Mpima, fungua!"

Shaweji akafungua.

Taa nyekundu iliwaka, kisha mashine ikapiga yowe ambalo hata Shaweji hakujua kama inaliweza. Harufu ya mpira ulioungua ikatoka, ikakamatwa na kiyoyozi, ikagawiwa chumba kizima kwa usawa. Mkurugenzi Mputa alipiga chafya kumi na moja. Mpiga picha akakimbilia dirishani, likawa ni lile dirisha lililopigwa misumari kwa sababu za kiusalama. Waziri alisimama wima, machozi yanamtiririka, na gazeti moja liliandika kuwa alilia kwa uchungu wa nchi.

Angependa kusema mashine imeharibika. Ulimi ulikwisha jifunga mwenyewe. Akakohoa, akasema, "Nakubaliana na mashine."

Kilima cha Upepo kikaandikwa daraja la sita, la mwisho. Mputa, ambaye hakuacha kitabu cha kanuni hata akienda msalani, akafungua kanuni ya tatu: kiongozi wa kitaifa ataishi kwenye hewa daraja la kwanza, si vinginevyo. Nchi nzima palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo. Sapanjo, aliyealikwa kunywa soda, aliiweka chini bila kuimaliza.

*

Hivyo Mheshimiwa akahamia Pumzi Njema, nyumba namba arobaini, iliyounganishwa na thelathini na tisa na thelathini na nane.

Kasri la kilimani likabaki halina mwenyewe. Kanuni zilisema hewa daraja la sita inafaa mifugo, maghala, na watumishi wa ngazi ya chini kwa hiari yao. Shaweji alipeleka ombi siku ile ile.

"Pole sana, Shaweji," Mputa akasema, akimkazia macho. "Una matatizo nyumbani?"

"Nina mama mkwe, mzee."

Mputa akainuka, akazunguka meza, akampa mkono kwa nguvu kama mwanamume aliyeelewa mwanamume mwenzake. Kibali kilitoka kabla ya saa sita. Daraja la kwanza kushukia la sita, kwa hiari. Hata kanuni hazikufikiria kumkataza mtu jambo la kipuuzi hivyo.

Pale kilimani upepo ulivuma toka asubuhi hadi jioni. Siku ya tatu Bi Nakijwa alilala akiwa amenyooka. Siku ya saba alimgombeza Namsifu kwa kuchoma maharage, na Namsifu akatoka nje akalia kwa furaha, maana mama yake hakuwa na pumzi ya kugombeza kwa miezi miwili. Mwisho wa mwezi midomo ilikuwa imerudi rangi yake, na kwenye bustani ya Waziri walikuwamo mbuzi wawili wakitafuna maua. Shaweji alinenepa. Alianza hata kupiga mluzi akienda kazini.

Waziri naye huku chini alikuwa na taabu zake. Alihutubia bunge akakohoa, akafungua daraja akakohoa, akachumbia mke wa tatu, akakohoa, mwanamwali akaghairi. Wala hakuweza kusema ni hewa, kwani hewa ya Pumzi Njema ni daraja la kwanza na mashine haina shangazi. Wiki ya tano akakifunga kiwanda cha Sapanjo kwa kosa la kelele.

"Kelele, Mheshimiwa?" Sapanjo akauliza.

"Dohani lako linapiga kelele. Lihamishe."

Majirani wakashangilia, watoto wakaonekana kwa mara ya kwanza wakicheza nje wakiwa wa rangi yao. Shaweji aliposikia redioni alipiga makofi peke yake mle ofisini. Akajiona, kwa siku moja nzima, mtu mwenye akili kuliko wote nchini.

*

Kesho yake faili lilitua mezani kwake. Ombi la Sapanjo la kuhamisha kiwanda. Kanuni ya ishirini ilikuwa wazi: kiwanda kijengwe mahali ambapo hewa imekwisha haribika, ili kisiharibu kitu. Katika kumbukumbu zote za wizara mahali palipokuwa na daraja la sita ni pamoja tu. Kilima cha Upepo. Sahihi, Shaweji Kondo.

Alishuka ngazi mbili mbili mpaka kwa Mputa.

"Mzee, nakiri. Nilibadilisha karatasi. Dumu lile halikuwa la kilimani. Hewa ya kilimani ni nzuri, mzee, nzuri sana, nikamate unifunge!"

Mputa alimsikiliza mpaka mwisho. "Unasema mhuri wa serikali umesema uongo?"

"Ndiyo, mzee."

"Unayo karatasi yenye mhuri inayosema hivyo?"

Matingatinga yalifika Alhamisi. Dohani lilijengwa likasimama ndani ya wiki mbili, kwa kuwa nchi ile ikitaka jambo lake huwa haina mchezo, na siku walipolisha tanuri tairi la kwanza, upepo ule ule mzuri wa kilimani uliuchukua moshi, ukauingiza mpaka chumbani kwa Bi Nakijwa.

Alikohoa mara tatu. Mara ya nne akainuka, akaanza kukunja kanga zake.

"Mama, kibali..." Shaweji akaanza.

"Nimeuliza. Wa daraja la sita anaruhusiwa kwenda popote. Wamenitakia na safari njema." Akafunga kapu. "Lori la Sapanjo linapanda kwetu leo. Amepata kiwanja kingine huko bondeni, kando ya machinjio, anataka kujenga nyumba mia tatu. Dereva tunajuana."

Kweli lori lilikuwa barabarani, limejaa madumu ya njano matupu. Namsifu alimkumbatia mama yake akashindwa kumwachia. Shaweji alimpandisha mbele, akamwekea kapu miguuni, akashindwa kumtazama usoni. Alitaka kumwambia kila kitu, mara ya kwanza na mara ya pili, mihuri yote miwili, akaishia kuufunga mlango wa lori.

"Nisamehe, mama," akasema tu.

Bi Nakijwa akatoa mkono dirishani akamshika bega.

"Sina neno nawe, mwanangu. Umenihangaikia, Mungu ameona. Nakuomba kitu kimoja tu." Dereva akawasha moto, na madumu yakaanza kugongana nyuma. "Huko kwetu, usije ukapapima."